Nyumba Moja Niliyoipita

Jumatatu, 9 Juni
Siku ya pili ya kampeni ya chanjo ya ukambi. Jua kali, spika inakwaruza. Nimeanzia stendi ya malori hapa Malaba, nyumba kwa nyumba. Sindano zinadungwa kanisani. Kazi yangu ni kuwatoa akina mama nyumbani. Wote swali ni moja: mtoto ana mafua, achanjwe? Nawaambia mafua si kitu, mlete tu. Nimesema hadi mdomo umekauka.

Jumanne, 10 Juni
Leo ilikuwa zamu ya boma langu. Nyumba ya mwanangu Okiring nimeipita. Baba mkwe hakanyagi kwa mke wa mwanawe wala haongei naye ana kwa ana, ndivyo tulivyokuta. Kawaida mke wangu ndiye hupeleka maneno, lakini yuko Nangina anamuuguza dada yake. Okiring mwenyewe yuko Juba na lori. Nilisimama njiani nikatangaza mara mbili: watoto wote, kanisani. Mke wake, Mama Ekisa, alikuwa anafua. Kuniona tu akaingia ndani, kwa heshima. Nami nikaangalia kando. Simu sikuona haja. Spika yenyewe inasikika hadi Uganda.

Alhamisi, 12 Juni
Kampeni imefungwa. Makofi, soda. Kijiji chetu eti kimefanya vizuri. Sikuuliza kama mjukuu wangu alipelekwa. Nimechoka.

Ijumaa, 27 Juni
Ekisa anaumwa. Kikohozi chake nakisikia kutoka kwangu. Jirani ameingia kwao, akaniambia macho mekundu, vipele usoni. Ni ukambi, nani asiyejua. Nimeita boda, mama na mtoto wameenda hospitali. Mimi nimefuata na nyingine.

Jumapili, 29 Juni
Mama Ekisa wodini na mtoto, mimi kwa benchi nje. Nesi anatoka ananiuliza, anarudi anamuuliza. Upuuzi mtupu. Nimemtuma aulize kwa nini mtoto hakuchanjwa. Akaleta jibu: alikuwa na mafua siku hiyo, mama akadhani mgonjwa hadungwi. Hakuwa na wa kuuliza.
Kifua cha mtoto kimejaa. Najichukia. Na bado sijaingia.

Jumatatu, 30 Juni
Ekisa ametuacha alfajiri. Miaka miwili. Nimempigia Okiring. Akauliza kama nyumba yake niliifikia. Nikasema hapana. Akakata.
Silii. Sijui kwa nini silii.

Jumamosi, 5 Julai
Tumezika juzi. Waombolezaji wameenda zao. Mke wangu amerudi, anafagia, hasemi nami sana.
Asubuhi Mama Ekisa alikuja mpaka nilipoketi, akasimama mbele yangu. Hajawahi. Hakuficha uso.
"Baba, ungeniita tu jina, ningetoka."
Nikasema ndiyo.
Nimemsogezea kiti. Amekaa.