Sungura wa Marehemu Mke Wangu Amesusa Mkate

Mshauri wetu mpendwa, msaada ninaouomba si mkubwa, na usinione mzee mzima najieleza gazetini ukadhani nimeishiwa, kalamu sikuizoea kwa sababu shule niliiacha darasa la tatu, lakini mkono huu umekanda unga miaka thelathini na minane na hakuna mtaa wa mji huu ambao haujala mkate wangu, mahakimu wameula, wafungwa wameula, hata hao wanaonibishia leo meno yao yameota kwa mkate wangu.

Mke wangu alifariki miezi saba iliyopita akaniachia sungura, jike jeupe lenye sikio moja la kijivu, alimwita Shangazi kwa sababu humtazama kila anayeingia kama vile amechelewa. Marehemu alikuwa akimkatia nyasi nyuma ya nyumba na kuzianika juu ya bati, mimi nikasema nyasi ni chakula cha shida, sungura wa mwoka mikate atakulaje nyasi, nikawa naoka mkate mmoja kila asubuhi, nusu yangu nusu yake, na ukweli ni kwamba tangu marehemu aondoke Shangazi alikuwa hanisogelei kabisa, lakini akisikia mkate unavunjika huja mbio mpaka miguuni pangu, anakula, namshika masikio, tunakaa.

Mwezi uliopita nikaona mavi yake, samahani kwa neno, yaliyokuwa makubwa kama mbaazi yamekuwa madogo kama pilipili manga. Binti yangu ni mshonaji, ndiye mtoto wangu pekee, na tangu mazishi mimi na yeye tunaongea habari za sungura tu, akaja akaangalia akasema, baba, ni huo mkate. Nikamwambia wewe umekuzwa na huo huo mkate mbona hukufa. Akambeba Shangazi na mimi nikafuata nyuma mpaka kwa daktari wa mifugo, msichana mdogo tu, akanieleza kwamba sungura anataka vitu vikavu vya kutafuna kutwa nzima, ndivyo vinavyosukuma tumbo, na tumbo la sungura likisimama naye amekwisha. Nikamwelewa vizuri sana. Nikarudi nyumbani, nikakata mkate vipande, nikaurudisha kwenye tanuri mpaka ukawa mkavu kama kigae, maana kikavu ni kikavu, na hajazaliwa wa kunishinda mimi kukausha mkate. Binti yangu akipiga simu kuuliza kama nampa vikavu namjibu nampa, na hapo sijasema uongo.

Sasa tangu jana asubuhi Shangazi amejikunja kwenye kona anasaga meno, nimevunja mkate mbele yake mara tatu hakugeuka. Nimempapasa tumbo, limekaza kama donge la unga uliokosa maji. Mavi hakuna hata moja. Na binti yangu amesema Jumamosi anakuja kumchukua akakae naye, hataki mjadala. Namba yake nimeiandika chini, nakuomba umpigie, wewe anakusoma kila wiki, umwambie amwachie mzee sungura wake, mzee anajua chakula. Sitetei mkate wangu, wenyewe unajitetea, ila katika nyumba hii hakuna mwingine anayeula.

Ni mimi, mwoka mikate mstaafu.

MSHAURI ANAJIBU

Baba, shikamoo.

Barua yako uliiandika Jumanne, ikafika mezani kwangu Alhamisi saa nne asubuhi. Sikungoja kuimaliza. Nilipofika pale unaposema mavi hakuna hata moja, niliruka mpaka chini kwenye namba, nikampigia binti yako, na ujumbe wako sikuufikisha. Nilimwambia, "Dada, nenda kwa baba yako sasa hivi." Sungura asiyekula wala kwenda haja kutwa nzima hangojeshwi Jumamosi, sembuse gazeti.

Aliacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akaja. Ameniruhusu niandike alichokikuta, nawe unakijua. Ulikuwa umekaa sakafuni na kisu cha mkate, umemkatia Shangazi nyasi rundo zima, umemzungushia pande zote, naye alikuwa amekufa tangu alfajiri. Binti yako aliposogea ukamwambia, "Anapumzika, usimwamshe."

Pole sana, baba. Ipokee kwanza pole hiyo, kwa sababu sasa nitakugombeza.

Daktari aliposema vikavu, ulijua anasema nyasi. Usiniambie hukujua. Asiyejua hachagui maneno kwenye simu, na wewe uliyachagua. Tumbo la sungura limeumbiwa nyasi, ukilijaza unga linalala, na likishalala haliamshwi na ufundi wa mtu. Nanyi wasomaji mnaofuga sungura, nyasi kavu kutwa na maji safi, na akikosa kula nusu siku mbebeni mumpeleke kwa daktari wa mifugo, barua mtaniandikia baadaye.

Ulimuua, baba, na ulimpenda. Sikuondolei moja kati ya hayo mawili ili lililobaki likuume kidogo.

Lakini barua yako nimeirudia, na dawa ya tumbo hukuiomba popote. Uliomba usiachwe peke yako, ukaona aibu kulisema. Basi sikia. Nilimuuliza binti yako alimtakia nini yule sungura, yeye anayeishi chumba kimoja na cherehani mbili. Akasema, "Nilijua nikimchukua, baba atalazimika kuja kumwona."

Nimeambiwa mlimzika pamoja na hamkusemeshana hata neno moja. Sasa sungura hayupo, na habari zake zimekwisha. Binti yako anasema Jumamosi atakuja vilevile, ingawa hana cha kuchukua. Nataka ufanye hivi. Kibanda cha Shangazi usikioshe, mngoje mkioshe wote wawili. Akiingia tu, kabla hajakaa, mwambie, "Nilikosea," halafu nyamaza. Usiweke "lakini" baada ya neno hilo. Usimletee mahakimu na wafungwa. Akilia mwache alie, na ujue kwamba hamlilii sungura peke yake, mama yake hajamaliza kumlilia, na wewe pia hujamaliza.

Kisha akiondoka ondoka naye. Usingoje akubembeleze, chukua kofia yako utoke. Atakupikia. Chakula kikikosa chumvi, ukile hivyo hivyo, wala usimfundishe.