Koti Jekundu Ukumbini

Shelby shoga yangu, nimejificha chooni hapa chuoni, sijui nicheke au nilie.

Leo si Mwalimu Haskins alituletea watu wa kuigiza wateja, tujifunze kuhoji kama maafisa ustawi wa jamii? Nikaambiwa wangu ni mama mwenye koti jekundu, mke anayenyanyaswa, yuko ukumbini. Nikamkuta. Koti jekundu! Kakaa peke yake anakula donati.

Nikamvaa moja kwa moja. "Mama, hapa uko salama. Nani kakuumiza nyumbani?"

Akaganda na donati mdomoni. Nikasema moyoni, huyu anajua kuigiza! Kama tulivyofundishwa, nikamsogezea boksi la tishu.

Shelby, AKALIA. Machozi ya kweli. "Mume wangu kaondoka Jumapili. Hata mbwa kamchukua."

Hata mbwa! Nikamshika mkono, huku nahusudu kipaji chake.

Mara Haskins huyo, kaja na mama mwingine. Koti jekundu vilevile! "Kaylee, mteja wako huyu hapa. Naona umeshaonana na Dokta Pruitt wa chuo kikuu. Ndiye anayewahoji wanaotaka kuhamia kule."

Wanaotaka kuhamia. Yaani MIMI, usaili wangu naye saa nane mchana! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Saa nane nikaingia. Dokta macho bado mekundu. Akanitazama weee, kisha akanisogezea boksi lile lile la tishu.

"Haya mwanangu, hapa uko salama," akasema. "Sasa zamu yako. Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Shoga, boksi tumelimaliza.