Bustani Imestawi, Mkono Bado

Mshauri wangu, nakusoma kila wiki na leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nyumbani hakukaliki. Mume wangu ni fundi saa, mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, vidole vikajikunja vikakataa kufunguka, basi mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia apande nyanya kwenye ndoo pale uani, ashike udongo na ang'oe magugu kwa mkono huohuo mbovu, ndiyo tiba yenyewe, naye akakubali bila ubishi, sasa mimi kumwona mtu aliyekuwa anaokota skrubu za saa anahangaika na jani moja mpaka jasho linamtoka, roho ikaniuma, nikawa akiingia kuoga tu nachomoka, nang'oa magugu yote, natifua, namwagilia, yeye akija anakuta hakuna la maana la kufanya, anagusagusa majani kidogo, anakaa anaangalia. Aliniuliza mbona ndoo zake hazioti magugu, nikamwambia ni udongo mzuri. Nyanya zimestawi mpaka majirani wanaomba. Mtaalamu alipokuja akaisifu bustani, akavishika vidole, akakuna kichwa. Juzi mume wangu akaniambia, "Mama watoto, nimejitahidi, mkono umekataa," na Jumamosi anakuja mtu kununua vifaa vyake vyote vya kazi. Nikimwambia ukweli atanichukia, nikinyamaza anauza. Nifanyeje?

Mke wa fundi saa

Mke wa fundi saa, pole sana. Nimekuelewa, na umenikasirisha. Udongo mzuri! Umeona wapi udongo unaokubali nyanya ukakataa magugu? Mtaalamu alimpa mumeo dawa, wewe ukawa unainywa kila siku, halafu mnashangaa mgonjwa hapati nafuu. Vidole vyako, nadhani, sasa ni imara sana. Najua ulifanya hivyo kwa kumpenda. Lakini mwenzio anaamini amejaribu akashindwa, kumbe hajapewa nafasi hata ya kujaribu, na sasa anataka kuuza kazi yake ya maisha kwa sababu hiyo.

Mwambie leo, ukishamaliza kusoma hapa. Usizunguke. Sema, "Magugu nilikuwa nang'oa mimi." Atafoka, na ana haki, mwache afoke mpaka achoke. Kisha mwombe amwambie huyo mnunuzi asubiri. Akikataa, vifaa ni vyake. Mtaalamu naye mpigie simu umweleze, maana maskini pengine ameanza kutilia shaka elimu yake. Siwezi kukuahidi kwamba mkono utarudi kama zamani. Hilo halijui mtu, na kwa sababu yako hata mumeo mwenyewe bado hajalijua.

Baada ya hapo, uani usikanyage. Jitafutie kazi ya mikono ndani ya nyumba. Utamsikia akiguna, utamsikia akiitukana ndoo, utasikia shina likivunjika. Kaa hapohapo. Akikuita, nenda. Asipokuita, endelea kukaa, hata kama unalia. Nyanya zikifa, sokoni zipo.