Wake za Watu na Sufuria ya Makande

Jumatatu, 4 Machi 1985

Ukungu mpaka saa nne. Chaki imelowa, haiandiki. Darasa la pili wamekohoa kipindi kizima.

Mchana makande yakapakuliwa kwa desturi ile ile: anakula yule ambaye baba yake ameleta debe la mahindi. Wengine wanakwenda nyuma ya darasa kucheza mchezo wa kujifanya hawana njaa. Nimeuchukia mchezo huo tangu nihamishiwe huku Ngorongoro kutoka Karatu.

Basi umekwisha. Halmashauri imepitisha sheria ndogo: kila mtoto wa shule ale mchana, baba awe na shamba au asiwe na hata kuku. Mwalimu Mkuu aliisoma mara mbili mbele ya mstari. Mara ya pili ilibidi apenge kamasi kwanza. Mwanamume mnene vile! Sikujua.

Jumatano, 6 Machi

Lori la chakula limekuja kweli. Leo wamekula. Nilisimama mlangoni mwa jiko kama mjinga, nikitazama. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alilamba bakuli likang'aa, kisha akalivaa kichwani. Mungu wangu. Sheria ni karatasi, nani alijua inaweza kunukia maharage?

Ijumaa, 8 Machi

Si wote. Koinet wa darasa la saba na wenzake, Wamasai waliotoka jandoni mwaka jana, hawagusi. Mama Tluway, mpishi wetu, anawapakulia. Bakuli zinarudi zimejaa.

Nimeudhika. Koinet anaanza safari ya shule kabla jogoo hajawika, na chakula cha bure anakitazama tu. Kisirani gani hiki? Mama Tluway anasema labda wanadharau makande yake. Amenuna.

Jumatatu, 11 Machi

Habari mbaya. Alhamisi anakuja Afisa kutoka wilayani kuona kama chakula kinaliwa. Wapo wanaosema wafugaji hawataki makande, chakula kipelekwe kwingine. Bakuli zikirudi zimejaa mbele yake, lori halitapanda tena mlima huu. Yule wa darasa la kwanza atarudi nyuma ya darasa.

Kwa hiyo leo niliwasimamia. Mikono kiunoni. Nikawaambia sibanduki mpaka wale. Kengele ikalia, hawajala. Midomo ya Koinet imekauka, nyeupe. Lakini hakula, wala hakuwa na jeuri usoni. Nimetisha watoto wengi katika kazi hii. Huyu sikumweza, na jioni yote siachi kumwaza.

Jumanne, 12 Machi

Nasieku, dada yake Koinet, darasa la tano, alinifuata bombani. Kwanza alicheka, kiganja mdomoni.

"Shikamoo Mwalimu. Kwani wewe si mke wa mtu? Koinet ametoka jandoni, ni moran sasa. Moran hali chakula kilichoonwa na mke wa mtu. Na wewe unasimama, unakodoa macho. Watakulaje sasa?"

Nikakaa juu ya ndoo.

Macho yangu! Kadiri nilivyowahimiza ndivyo nilivyowafunga midomo. Na Mama Tluway naye ni mke wa mtu, chakula kinatoka mkononi mwake tayari kina macho. Nasieku akaongeza kwamba moran hali peke yake pia, lazima awe na mwenziwe.

Nimemkumbuka mama yangu kule Daa, alipokuwa kwenye meeta, kule kutengwa kwetu baada ya msiba. Kibuyu chake peke yake, njia yake peke yake, hakukanyaga ua wa jirani. Sisi Wairaqw hatukumwita mkaidi. Tulimheshimu. Na hawa vijana wameshika la kwao kwa njaa, bila hata kunilaumu. Nimestaajabu mpaka nimeisahau ndoo bombani, nikarudi mikono mitupu.

Jumatano, 13 Machi

Nimemweleza Mwalimu Mkuu. Wiki iliyopita alitaka kuwachapa. Leo alivua miwani, akaipangusa muda mrefu. Tumekubaliana: wapewe mahindi na maharage makavu na sufuria ndogo, wajipikie chini ya mti wa mloliondo, ng'ambo ya kiwanja.

"Na Afisa akitaka kuona?" akauliza.

Hilo sikuliwaza. Afisa ni mama. Ana mume.

Alhamisi, 14 Machi

Amekuja. Kitenge kizuri, viatu vya visigino kwenye matope. Watoto wadogo walikula, akafurahi. Kisha akaelekeza kidole mloliondoni. Na wale?

Mwalimu Mkuu akakohoa. Nikasema mimi: "Mama, ukitazama hawali. Ukigeuka watakula."

"Mwalimu, nimetumwa nione kwa macho yangu."

"Ndiyo, mama. Macho ndiyo taabu yenyewe."

Nikamweleza. Alinikazia macho, kisha akawatazama kwa mbali. Sijui aliona nini. Akageuka. Nikageuka. Mama Tluway na mwiko wake akageuka. Wake za watu watatu, nyuso zimeelekea mlima Oldeani.

Nyuma yetu vijiko vikaanza. Polepole, kisha kwa kasi. Kisha kicheko. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Walipomaliza Koinet alileta sufuria, akaifudikiza mbele ya miguu yetu. Haikudondoka hata punje. Afisa akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Eti moshi. Moto ulikuwa ng'ambo ya kiwanja.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua tangu asubuhi. Lori limefika, limejaa. Litaendelea kuja, Afisa ametuma neno.

Wenzake Koinet wamekwenda kuhamisha ng'ombe. Yeye kaja peke yake. Kwa dirisha nilimwona chini ya mti, makande yameiva, sufuria ina kifuniko juu. Anangoja mwenziwe wa kula naye, na hakuna anayekuja.

Mwalimu Mkuu naye alimwona. Chakula chake cha nyumbani kilikuwa mezani, bado moto. Akakunja gazeti, akachukua bakuli, akashuka kwenye mvua bila mwavuli.

Nikageuza kiti. Nimesahihisha madaftari ya darasa la pili nikiwa nimeelekea ukutani.