Nyundo za Kroke za Balume

Kaka Balume,

Nakuandikia na hasira, unisamehe. Tangu tulikuzika kule kilimani, pembeni ya shamba yako ya maharagi, nilinyamaza. Leo siwezi tena.

Jana, siku ya Mungu, kisha misa, nilipita karibu na bustani ya ofisi ya serikali hapa Masisi. Yule Muzungu wa ofisi, bibi yake na wageni wao walikuwa wanacheza kroke. Na nyundo zako, kaka! Zile ulichonga wewe mwenyewe, seremala, wakati tulianza kucheza pale: wewe, bibi yako Mama Sofia, na mimi. Tulikuwa tunapiga nazo mupira ya muti ipite chini ya vyuma vya kupindwa, tunacheka mpaka Mama Sofia anakaa chini mu majani. Tulimukosea nani?

Unakumbuka vile Muzungu alikuja akatusifu, eti sasa tumestaarabika? Akaomba kucheza. Ukamushinda mbele ya bibi yake. Siku ya Mungu iliyofuata akatuma polisi: "Watu weusi hawana ruhusa ya kukanyaga majani hii."

Ukamuuliza polepole: "Na siku mulitutuma kuikata, tulikuwa weupe?"

Juu ya neno hilo moja tu wakanyang'anya nyundo, wakakufunga mu buloko, kisha wakakupeleka kutengeneza barabara kule Kashebere mu mvua. Ulirudi na kikohozi, haukupona. Na ku maziko wakasema eti ni homa ilikuua. Homa!

Basi jana niliingia. Mimi, mwalimu mwenye kuogopa hata kivuli ya mukubwa. Nilifika mpaka katikati ya muchezo, nikasema: "Bwana, hizi nyundo iko ya mujane."

Akakuwa mwekundu. "Toka!"

Sikutoka. Bibi yake akaangalia nyundo ile alishika, akaniuliza mwenye kuichonga alikufa na nini. Nikamwambia yote, kaka, mbele ya wageni wao. Akaniwekea nyundo mu mukono. Wengine wakashika zao kwa nguvu.

Nikamupelekea Mama Sofia. Nilizania atalia. Akaigeuza-geuza, akaniuliza: "Na zingine ziko wapi?"

Leo asubui nimefukuzwa kazi ku masomo. Eti mwalimu gani huyu hana adabu! Kwao adabu ni nini? Kumuangalia mwizi na kutoa kofia?

Sijutii. Nalia tu kwa kuwa uliniacha peke yangu na watu hawa.

Kesho mimi na Mama Sofia tunaenda pamoja kule ofisi kudai zile zilibaki. Watupe ao watufunge, ni shauri yao. Lakini watasikia jina yako, na vile walikufanyisha kazi mu mvua, na tutasema kwa sauti kubwa, wafungwa wa buloko pembeni ya ofisi nao wasikie. Hiyo ninakuahidi.

Lala, rafiki yangu. Sisi hatulale.

Bahati wako