Shahamu Aliyoileta Bi Zeina

Tezo,
Kilifi.
20 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nduku,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Huko Doha joto limepungua? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umekuachia sasa? Sisi huku hatujambo. Mume wangu Laban alishikwa na kikohozi akatuhangaisha, lakini amepona na ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye mboga, kwa hiyo najua mzima. Mihogo imekubali mwaka huu.

Cynthia mwenzako wa kazini anasafiri kurudi huko, nami nimeona nimpe barua badala ya kukuandikia kwa simu. Nina jambo ambalo sikutaka ulisome ukiwa umesimama kazini.

Jirani yetu Bi Zeina ametutoka, Nduku. Alifariki mwezi uliopita, kitandani mwake, wanawe wakiwa karibu. Pole sana. Najua alikubeba mgongoni siku zote mama yetu, Mwaitu, alipokuwa shambani, hata watu wakadhani u mtoto wake.

Tangu azikwe nimekuwa nikiuona ua wetu wa zamani. Unakumbuka siku za sabuni? Mwaitu akiyeyusha shahamu ya ng'ombe taratibu, akiichuja kwa kipande cha leso, nasi tukifukuzwa mbali akianza kushika magadi makali. "Magadi ndiyo yanayoingia majini! Ukimwaga maji juu ya magadi yatakurukia usoni!" Na Bi Zeina kwenye kigoda chake, akipokea mwiko mkono wa Mwaitu ukichoka. Walikoroga wakicheka mambo ambayo sisi hatukuambiwa.

Ndirangu alipofungua bucha ya nguruwe kule barabarani, alimwambia Mwaitu achukue mafuta bure, maana yeye alikuwa akiyatupa. Mwaitu alimshukuru, akakataa. Nilimwuliza sababu, kwani sisi nguruwe tunakula. Akanijibu, "Zeina anaogesha wanawe kwa sabuni hii. Chungu chake na changu ni kimoja." Akaendelea kuchukua shahamu buchani kwa Mzee Taib, kwenye nyama ya kuchinjwa kwa Bismillahi, mpaka alipofariki.

Nami nimeifuata njia hiyo hiyo. Lakini mwaka huu ndoo yetu ilipasuka, Ndirangu akaniazima yake ya kutekea maji. Mtu akaiona uani karibu na sufuria ya sabuni. Basi! Kufikia wiki iliyofuata ilikuwa imevuma Tezo nzima kwamba Kavata anapika sabuni kwa mafuta ya nguruwe. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Wanawake tuliokua nao wakawa wananiitikia salamu huku wakitazama pembeni. Nililia, Nduku. Si kwa sababu ya sabuni. Niliona kama jina la Mwaitu limeingizwa matopeni naye hayupo kujitetea.

Idd ya kuchinja ilipopita, nikasikia hodi. Alikuwa Bi Zeina, miguu imemvimba, Aaliya binti yake amemshika mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Washa moto."

Aaliya akatua beseni lililojaa shahamu ya ng'ombe wao wa Idd. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea uani, unajua watu wetu. Bi Zeina akaketi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekula na mama yake Kavata zaidi ya miaka ambayo baadhi yenu mmeishi. Hakunilisha haramu, wala hakuniogesha kwayo. Na huyu ni mwanawe. Mwenye shaka na aje akoroge."

Wa kwanza kuushika mwiko alikuwa Phoebe, mke wa Ngowa, yule aliyekuwa akinikwepa kisimani. Alikoroga tu, machozi yakimtoka, akasingizia moshi. Tulipika mpaka sabuni ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, tukaimimina kwenye visanduku vya mbao, na Bi Zeina akalala usingizi pale pale kitini, kinywa wazi, kama zamani.

Hakurudi tena kwangu kwa miguu yake.

Asubuhi aliyofariki, Aaliya alikuja peke yake, buibui limemkaa upande. Alisimama mlangoni.

"Dada Kavata," alisema, "kafuri tunayo, na majani ya mkunazi tumechuma. Mama aliusia sabuni ya kumwoshea itoke kwako."

Nilimpa vipande vizuri kuliko vyote. Nikajifunga leso, nikamfuata. Nilipofika kwao nilitaka kukaa nje na majirani wengine, lakini Aaliya aliniita ndani. Mabinti wa marehemu waliokuwa wameketi wakasogea, wakaniachia nafasi kwenye mkeka.

Nimekufungia vipande viwili katika kanga. Ni vya chungu kile kile.

Laban anakusalimu, na Phoebe na Ngowa pia. Aaliya na kaka yake Huzaifa wanasema wamezipokea rambirambi zako hata kabla hujazituma. Mungu akulinde ugenini, akupe mwajiri mwenye utu, akurejeshe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye mbali na karibu,

Kavata