Ujumbe kwa Figo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na shemeji na binti yangu, ambaye sasa ni mwaka yuko kwako. Mgongo wako je, umepoa? Mimi sijambo, na safari hii sisemi hivyo kukuridhisha tu.

Unaijua kazi ya kreni: ukishapanda kule juu, kushuka ni kazi nyingine. Basi nilikuwa kiguu na njia, nanywa maji, nakojoa, nanywa tena, hadi mafundi wakaniita Bomba. Nilicheka nao, lakini moyoni nilijua ni kisukari, kile kile kilichomwondoa baba. Hospitali sikwenda, niliogopa kuambiwa. Nikajinyima maji ili nisishuke mara kwa mara, kumbe mkojo haupungui ng'o. Mwishowe nikashikwa na kizunguzungu huko juu, nondo zikining'inia hewani, na msimamizi akaapa sitaigusa mashine bila cheti cha daktari.

Daktari akapima sukari, haipo. Nikamwomba apime tena, akanicheka. Akanizuia kunywa maji kutwa nzima huku wakinipima uzito, nami nikaendelea kujaza makopo kama niliyemeza tangi. Ndipo akanieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, inayotoa homoni ya kuziambia figo zirudishe maji mwilini. Yangu iliacha kuitoa tangu ule ubao uliponiangukia kichwani mwaka juzi, nasi tukadhani umeacha nundu tu. Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe. Nikapewa vidonge vya homoni hiyo, na jioni ile ile kiu ikakatika. Dada, nililia mbele ya muuguzi, wala sikuona haya.

Sasa nikwambie jambo. Nilipokuletea mtoto nilisema shule ya huko ni nzuri zaidi. Haikuwa shule. Nilitaka akuzoee, ili nikifa kama baba awe tayari na mama wa kumlea. Ndiyo maana hata likizo sikuja. Nilikuwa namfundisha kukaa bila mimi.

Msimamizi amekwisha kunirudisha kazini, na Jumamosi nakuja. Najua umemzoea, na huenda yeye mwenyewe akakataa kuondoka. Sitamlazimisha. Nitakuja kila wiki mpaka anizoee upya.

Msalimie sana shemeji. Mtoto mwambie tu kwamba baba anakuja, na kwamba haji kuaga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.